Somo la Yabisi, Kimiminika na Gesi Lianzie Ufukoni

MWEZI wa Mei mwaka 2015 kijiji cha Kagunga, kilicho ukingoni mwa Ziwa Tanganyika karibu na mpaka wetu na Burundi, kilipokea wageni ambao hakikuwa na nafasi ya kuwalaza. Makumi ya maelfu ya ndugu zetu Warundi, waliokuwa wakikimbia machafuko nchini mwao, walikusanyika juu ya kipande cha ufuko kilichobanwa kati ya maji na milima mikali. Wakati huo njia ya kuwatoa pale ilikuwa ni ya majini. Meli ya Liemba ikawachukua hadi Kigoma, na kutoka hapo wakapelekwa kwa mabasi hadi kambi ya Nyarugusu. Kabla kazi hiyo haijaisha, kipindupindu kilikuwa kimekwisha kuingia. Katika muda wa wiki chache wagonjwa wapatao 3,000 walihesabiwa, na watu wasiopungua 30 wakafa, wakiwamo baadhi ya wenyeji.

Hatuyakumbushi hayo ili kutonesha vidonda. Tunayakumbusha kwa sababu yanahusu jambo ambalo kila mwalimu wa shule ya msingi anaandikiwa katika muhtasari wake kulifundisha, na ambalo wengi wetu tumezoea kuliona kuwa ni somo dogo la kupita nalo haraka: hali tatu za maada.

Maji ya Ziwa Tanganyika ni maangavu. Ukiyateka kwa glasi unaona vidole vyako upande wa pili. Maji yenye vijidudu vya kipindupindu na maji yasiyo navyo, kwa macho, ni mamoja: yote hayana rangi, yote hufuata umbo la chombo. Kwa hiyo wananchi wanaambiwa wachemshe. Agizo ni zuri, ila aghalabu hatuwaambii kuchemka ni nini. Weka sufuria motoni. Haupiti muda mrefu utaona vipovu vidogo vimeng'ang'ania pembeni na chini ya sufuria, kisha vinapanda juu. Wako wanaosema maji yamechemka, wakaepua na kuokoa kuni. Kumbe vipovu vile si mvuke. Ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji, ambayo sasa inafukuzwa na joto. Maji hayajachemka hata kidogo. Kuchemka ni pale maji yenyewe yanapogeuka mvuke tangu ndani ya sufuria, mapovu makubwa yakapanda kwa nguvu na uso wote ukatibuka. Hapo ndipo tunapokuwa na hakika kwamba vijidudu vimekufa. Na kwa kuwa ziwa liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, maji ya Kagunga hufikia hatua hiyo kwenye nyuzi 97 hivi za Selsiasi, si 100 kama kitabu kinavyosema. Tofauti hiyo haimdhuru mnywaji, bali humsaidia mwanafunzi kutambua kwamba kitabu kiliandikwa kwa kukisia kuwa msomaji yuko pwani.

Hatusemi kwamba somo la sayansi lingalizuia kipindupindu cha mwaka 2015. Penye watu wengi kiasi kile, vyoo vichache na kuni za kutafutwa mlimani, somo peke yake halitoshi. Tunalosema ni kwamba tofauti kati ya povu la hewa na povu la mvuke ni tofauti ya uhai, na mahali pa kuijua ni darasani, kabla ya dhiki kufika.

Sasa tuingie darasani. Mwulize mwanafunzi wa darasa la sita, atajibu kwa sauti ya wimbo: yabisi ina umbo maalumu na ujazo maalumu, kimiminika kina ujazo maalumu lakini hakina umbo maalumu, gesi haina umbo maalumu wala ujazo maalumu. Amejibu sawasawa, na mtihani utampa alama zake. Lakini mwulize tena: mafuta ya mawese yaliyo nyumbani kwenu ni yabisi au ni kimiminika? Hapo atanyamaza, naye amekulia chini ya michikichi.

Kunyamaza kwake hakutoki kwenye upungufu wa akili. Kunatoka kwenye desturi yetu ya kufundisha mambo haya kama vile ni aina tatu za vitu: jiwe huku, maji kule, hewa pengine. Mama anayeuza mawese katika soko la Kigoma anajua zaidi. Asubuhi ya baridi chupa yake imeganda nusu. Chini kuna mashapo mazito yenye rangi hafifu, juu kuna mafuta mekundu yanayotiririka. Jua likipanda, yote yanakuwa mamoja. Humo katika chupa moja mna somo kamili. Kwanza, uyabisi na umiminika ni hali, na hali hubadilika kwa joto, kitu kikibaki kile kile. Pili, mawese hayagandi yote kwa mpigo kama maji yanavyoganda, kwa kuwa ni mchanganyiko wa mafuta ya namna nyingi, mengine yakiganda mapema na mengine yakichelewa. Mwanafunzi aliyeishika chupa hiyo saa moja asubuhi, akaishika tena saa saba mchana, hatahitaji kuimbishwa.

Na mkoa mzima wa Kigoma umejaa mifano ya jinsi hiyo. Kule Uvinza watu wamechemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Wachunguzi wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya kazi hiyo ardhini. Maji yanaondoka kwa njia ya mvuke, chumvi inabaki. Misafara iliyokuwa ikipita kwenda Ujiji ilinunua chumvi hiyo, na watu wa mbali waliifuata. Mwalimu anayetaka kuonyesha kwamba kitu kinaweza kuwamo ndani ya maji bila kuonekana, kisha kikarudishwa kuwa yabisi, hana haja ya kungoja dawa za maabara kutoka mjini. Anahitaji kijiko cha chumvi, kikombe cha maji na bati lililoanikwa juani.

Dagaa nao ni vivyo hivyo. Kila mtoto wa mwambao, tangu Kagunga hadi Kirando, amewahi kuanika dagaa au kuwafukuza kunguru juu ya chanja. Anajua kwamba wakitandazwa kwa wembamba hukauka upesi, wakirundikwa huoza. Kwamba siku ya upepo ni bora kuliko siku ya utulivu hata kama jua ni lile lile. Kwamba chanja cha waya kilichoinuliwa hukausha vizuri kuliko mchanga, kwa kuwa hewa hupita juu na chini. Na kwamba masika ni msimu wa hasara. Haya yote ni kanuni za mvukizo, na anazijua. Kinachosikitisha ni kwamba akifika shuleni hakuna anayemwambia kuwa anazijua. Anaandikiwa ubaoni mambo manne yanayoathiri mvukizo, ananakili, anasahau, kisha anarudi nyumbani kuwageuza dagaa.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliikosoa shule iliyomfanya kijana aamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni na kwa watu waliosoma, na kwamba wazee wake hawana la kumfundisha. Wengi walilisoma andiko lile kana kwamba lilihusu shamba la shule tu, jembe na bustani ya mchicha. Sisi tunaona kwamba lilihusu pia somo la sayansi. Shule iliyo hatua mia moja kutoka ufukoni, inayofundisha mvukizo bila kutaja dagaa, imejitenga na kijiji chake hata kama ina shamba la ekari kumi.

Yako mengine ambayo tungependa kuyapitia upesi, maana walimu wenyewe watayapanua. Karabai ya wavuvi, ambayo sasa inazipisha taa za betri na za jua, ilikuwa ni maabara iliyowekwa juu ya mtumbwi: hewa inapigwa pampu, inayasukuma mafuta ya taa juu ya bomba, mafuta yanapashwa joto hadi kuwa gesi, na gesi ndiyo inayowaka. Zilizobaki majumbani zikusanywe zipelekwe shuleni kabla hazijauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Gilasi iliyoinamishwa wima na kuzamishwa ziwani mdomo ukiwa chini huonyesha kwamba hewa inachukua nafasi, kwani maji hayaingii mpaka uiinamishe upande.

Meli ya Liemba inastahili kipindi chake peke yake. Wajerumani waliiunda kwao Papenburg, wakaifungua vipande vipande, wakaileta kwa makasha hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ambako iliunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwezi Julai mwaka 1916, walipoona vita inawaelemea, waliizamisha wenyewe. Lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena safari, injini zake zikitumika. Kwa nini zilisalimika katika maji kwa muda wa miaka minane? Kwa sababu grisi na maji havichangamani, na chuma kisichofikiwa na maji wala oksijeni hakishiki kutu. Na kwa nini chuma kizito kiasi kile kielee? Ni kwa kuwa ndani yake pana hewa, hata meli nzima ikawa na uzito mdogo kuliko maji ya ujazo ule ule. Ikijaa maji, inazama kama ilivyozama mwaka 1916. Mwalimu wa Kigoma anayeyafundisha haya kwa mchoro wa meli ya nchi nyingine anajinyima mwenyewe.

Lakini liko jambo moja kubwa zaidi, nalo ni lile ambalo watumishi wa Serikali wa mkoa huu wamelazimika kulieleza hadharani. Mwaka 2024, tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa ili samaki wapate kuzaliana. Ulikuwa ni uamuzi mgumu kwa watu ambao chakula na ada za watoto wao vinatoka majini, na maofisa waliotumwa kuueleza walikutana na maswali makali. Mojawapo, lililo la haki kabisa, ni hili: ziwa lenye kina cha mita 1,470, mojawapo ya maziwa yenye kina kirefu kuliko yote duniani, linawezaje kukosa samaki?

Jibu limo katika somo la gesi. Samaki huvuta oksijeni iliyoyeyuka majini, na oksijeni hiyo hutoka juu, kwenye hewa na kwenye mimea midogo ya majini inayopata nuru. Katika Ziwa Tanganyika haishuki zaidi ya kiasi cha mita 100 hadi 200. Chini ya hapo kuna maji mengi mno yasiyo na oksijeni, ambamo dagaa wala migebuka hawawezi kuishi. Ziwa ni kama nyumba ndefu ambayo ni ghorofa ya juu tu inayokalika. Tena huko chini ndiko kulikolala rutuba, nayo hupanda juu pale upepo wa kusini wa wakati wa kiangazi unapoyapoza maji ya juu na kuyakoroga. Maji ya juu yakizidi kuwa ya moto huwa mepesi, hukaa juu ya yale ya baridi bila kuchangamana nayo, na rutuba hupungua kupanda. Juu ya hayo, maji ya moto hushika gesi kidogo kuliko maji ya baridi, kama vile vipovu vya sufuria yetu vilivyotuonyesha. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba ziwa hili limekuwa likipata joto na kwamba kuchanganyika kwa maji yake kumepungua.

Kwa hiyo mvuvi anayeambiwa kwamba samaki wamepungua kwa sababu ya nyavu zake peke yake ameambiwa nusu ya ukweli. Nusu hiyo ni kweli, na kanuni za uvuvi hapana budi zifuatwe. Nusu ya pili ni joto, nalo halizuiwi na doria. Ofisa anayezijua zote mbili ataaminiwa zaidi mkutanoni kuliko yule aliyekuja na amri tupu. Na mtoto aliyezisoma zote mbili shuleni atamweleza baba yake jioni, penye utulivu, jambo ambalo mkutano wa hadhara haukuweza.

Tumelitaja joto, tutaje na moto. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umekusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo. Tunauunga mkono. Misitu ya milima ya Kigoma inajua gharama ya kuni na mkaa, na vifua vya mama zetu vinajua gharama ya moshi. Lakini mtungi unapoingia katika nyumba ambayo haijawahi kuwa nao, uingie pamoja na maarifa yake.

Kilichomo ndani ya mtungi ni kimiminika kwa sababu ya mgandamizo, ukiutikisa utakisikia. Kikitoka hugeuka gesi, na lita moja ya kimiminika hicho hutoa zaidi ya lita 200 za gesi. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Haipandi juu kama moshi. Inashuka, inatambaa sakafuni, inajikusanya mahali pa chini na kungoja cheche. Yenyewe takriban haina harufu. Harufu tunayoisikia imetiwa makusudi ili ituonye. Mtu aliyezoea moshi hudhani kwamba kilichovuja kitatokea dirishani. Anayejua sifa za gesi atafunga mtungi, atafungua mlango unaofika chini, hatagusa kibiriti wala swichi ya umeme.

Ndugu zetu wa upande wa Goma, huko Kongo, wanalo neno kwa hatari ya jinsi hii: mazuku. Ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini kwenye nchi ya volkano na kutuama mabondeni bila kuonekana. Mtu mzima anaweza kusimama salama mahali ambapo mtoto au mbuzi aliyeinama anakata roho. Watu wa huko wamelifunza somo hilo kwa kufiwa. Nasi tulifunzwa letu huko Morogoro, eneo la Msamvu, tarehe 10 Agosti mwaka 2019, lori la mafuta lilipoanguka na watu wakakimbilia kuchota petroli. Watu wapatao 100 walipoteza maisha. Kimiminika walichokuwa wakikichota walikiona. Mvuke uliokuwa umewazunguka hawakuuona, nao ndio unaotangulia kushika moto. Ni nani kati yetu aliyewahi kumsikia mwalimu, akifikia sentensi ile ya gesi kutokuwa na umbo wala ujazo maalumu, akitua na kusema kwamba hiyo ndiyo sababu petroli iliyo pale inaweza kuwaka hapa?

Tusiwalaumu walimu bila kipimo. Mwalimu wa mwambao ana darasa lililofurika, na anajua kwamba mwisho wa mwaka atapimwa kwa idadi ya waliofaulu, si kwa idadi ya waliojua lini maji yamechemka. Mthibiti ubora akifika hukagua andalio la somo na saini ya mwalimu mkuu. Ni wachache wanaouliza mwanafunzi aliishika nini mkononi. Anayetunga mtihani naye anachagua swali ambalo ni rahisi kulisahihisha. Kila mmoja katika mnyororo huo anafanya kazi yake, na mtoto anatoka na wimbo.

Wakati wa kutekeleza Azimio la Musoma la mwaka 1974, Taifa lilipotaka kila mtoto aingie shule ifikapo mwaka 1977, walimu wengi walifundwa vijijini humo humo, wakifundisha na kusoma kwa zamu, wakisaidiwa na masomo ya redio. Watu waliwacheka na kuwaita walimu wa UPE. Ni kweli kwamba walikuwa na mapungufu. Lakini walikijua kijiji, na wengi wao walifundisha kwa kibuyu, mkaa na kamba kwa sababu hawakuwa na kingine. Leo tunajenga maabara za sekondari, na ni jambo la kujivunia. Hata hivyo kijana anayefika kwenye maabara hiyo bila kuwahi kushikishwa chupa ya mawese ataingia kama mtalii, tena akidaiwa ayaeleze mambo hayo kwa lugha ya kigeni wakati hakuyaelewa hata kwa Kiswahili chake.

Tunapendekeza jambo lisilohitaji bajeti mpya. Maofisa Elimu wa Halmashauri za Kigoma wawaite walimu wa sayansi wa shule za mwambao, mmoja kwa kila shule, wakutane kwa siku mbili wakati wa likizo ya Juni. Kila mmoja aje na vitu vitatu vya kijijini kwake ambavyo vinaonyesha badiliko la hali, na kila kimoja kijaribiwe mbele ya wenzake. Muuza gesi aalikwe na mtungi wake. Mvuvi aalikwe, na bibi wa mawese pia, walipwe posho kama mkufunzi mwingine yeyote. Majaribio yatakayokubaliwa yaandikwe katika kijitabu kimoja, na wathibiti ubora wapewe nakala ili wajue la kuuliza. Kagunga isiachwe kwa kisingizio cha umbali: nauli ya boti ya mwalimu wake ilipwe kabla hajaondoka nyumbani, si baada ya kurudi na stakabadhi.